Kutoka jenereta kwenda jua: anza na daftari

Mimi ni fundi wa sola, Kilwa. Mteja akinipigia, swali la kwanza huwa, "Fundi, paneli ya wati mia bei gani?" Namwambia pesa zikae kwanza, atafute daftari.

Andika kila kinachokula umeme, wati zake na saa kinazowaka. Machi nilikaa hivyo na mama mmoja mwenye duka, aliyekuwa akiendesha friji kwa jenereta ya petroli. Taa 6 za wati 7 kwa saa 5: wati-saa 210, yaani wati mara saa. Televisheni ya wati 50 kwa saa 6: 300. Kuchaji simu za wateja: 150. Friji tuliipima kwa jirani mwenye umeme, siku nzima, ikiwa imejaa soda, maana friji tupu hudanganya. Ilikula wati-saa 1,000. Jumla 1,660. Ongeza robo kwa ajili ya kinachopotea kwenye waya, betri na inveta (kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kuwashia friji), unapata 2,075.

Gawanya kwa saa za jua kali. Wengi hupiga 5. Mimi napiga 4, kwa sababu masika ipo na soda lazima ipoe hata Aprili. Inakuja kama wati 520, kwa hiyo paneli 2 za wati 275.

Kwenye betri ndiko watu huumia. Betri ya asidi ukiinyonya zaidi ya nusu kila siku, inakufa mapema. Betri 4 za volti 12, ampea-saa 100, zina wati-saa 4,800, lakini za kutumia ni 2,400. Betri ya lithiamu bei yake inauma siku ya kununua tu. Unaweza kuitumia hadi asilimia 80 na ikadumu miaka.

Tuko kusini mwa ikweta, basi paneli itazame kaskazini. Video za Ulaya husema kusini, nami nimeshapanda mapaa mengi kugeuza kazi za watu. Iinamishe nyuzi 10 hadi 15, mvua ioshe vumbi. Kontrola, kifaa kinachosimamia chaji ya betri, iunganishe na betri kwanza, paneli baadaye. Fyuzi ikae kwenye waya chanya, karibu kabisa na betri.

Mtihani ni usiku, kwa duka na kwa nchi. Kenya wanapata umeme wao mwingi bila mafuta kwa sababu mvuke wa joto la ardhini wa Olkaria haulali, na maji na upepo vinasaidiana nao. Dukani hakuna mvuke. Kwa hiyo hifadhi baridi: mchana weka friji kwenye ubaridi wa juu, panga chupa za maji zigande, saa 11 jioni punguza. Betri itapumua.

Jenereta usiiuze kabla masika moja haijapita. Ya yule mama ilibaki nyuma ya duka, imefunikwa gunia. Juni alinipigia: petroli iliyobaki kwenye dumu amempa mwanawe atie kwenye pikipiki.