Mashine ya boti imegoma kuwaka: isome plagi kabla hujagusa kabureta

Ukishuka Itungi, Matema au vijiji vya Ludewa vilivyo chini ya milima ya Livingstone, kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa, mashine utakayoikuta mara kwa mara nyuma ya boti ni ya tu-stroki, ya farasi 15 au 40, ya kuwashwa kwa kamba. Ikigoma, wengi huvuta kamba mpaka mabega yaume, kisha wanafungua kabureta palepale ufukweni. Kuvuta hovyo kunajaza petroli kwenye silinda, na kabureta iliyofunguliwa juu ya mchanga hufungwa ikiwa na mchanga. Asubuhi ulikuwa na tatizo moja, jioni una matatu.

Injini hii inadai vitu vitatu tu: cheche, mafuta na kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Plagi, kile kifaa kinachotoa cheche ndani ya silinda, itakueleza habari za viwili vya kwanza kwa dakika tano, kwa spana moja namba 21. Ndiyo maana kila kitu hapa chini kinaanzia au kurudi kwenye plagi.

Kabla ya yote, boti isielee ovyo. Upande wa Livingstone ziwa linaanguka ghafla, na nanga yenye kamba ya mita thelathini inaweza isiguse kitu hata ukiwa unaona nyumba za watu. Mtu mmoja ashike kasia na kuelekeza pua ya boti kwenye upepo, hasa mwera, upepo wa kusini-mashariki, ukivuma, mwingine ndiye ashughulike na mashine. Taa ya moto na sigara vikae mbali. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatulia chini kabisa ndani ya boti.

Mambo ya kuangalia bila spana

Kamba ya usalama, ile nyekundu inayofungwa mkononi au kwenye fulana, kibanio chake kiwe kimeingia kwenye swichi ya kuzimia. Kikiwa kimechomoka, unaweza kuvuta mpaka kesho. Gia iwe nyutro. Mashine nyingi za farasi 15 zina kizuizi kinachokataza kamba kuvutika ikiwa ndani ya gia, na watu wakikuta kamba ngumu hudhani mashine imenoki, yaani imenasa ndani. Mpini wa kasi uwe kwenye alama ya kuwashia.

Kisha tanki. Skrubu ndogo ya hewa juu ya kifuniko ifunguliwe. Ikifungwa, mashine huweza kuwaka, ikaenda dakika kadhaa, ikafa, maana petroli inatoka na hewa haiingii kuchukua nafasi yake. Mpira wa kupampu ulio kwenye bomba la petroli utakuonyesha: ukiwa umebonyea na haurudi kwenye umbo lake, hewa imezuiwa au mdomo wa kunyonyea ndani ya tanki umeziba. Mshale ulioandikwa kwenye mpira huo uelekee injini. Ushike wima, mshale juu, pampu mpaka ukaze mkononi. Usipokaza kabisa hata ukipampu mara ishirini, unavuta hewa badala ya mafuta: tazama oringi ya kiungo cha tanki na kile cha injini, nyufa kwenye bomba, au petroli iliyopungua chini ya mdomo wa kunyonyea. Oringi iliyochanika haionekani mpaka uitoe.

Sasa vuta choki, vuta kamba mara tatu au nne kwa nguvu. Ikikohoa, rudisha choki ndani na uvute tena. Zikifika mara nane bila dalili, acha. Chukua spana.

Plagi inasema nini

Chomoa kofia kwa kushika kofia yenyewe, usivute waya. Futa mchanga na maji kuzunguka plagi kabla ya kuifungua, la sivyo vitaingia silindani. Mashine ya silinda mbili ina plagi mbili. Zitoe zote na ukumbuke ipi ilikuwa ya juu.

Plagi iliyolowa petroli: mafuta yanafika, ila ama cheche hakuna ama yamezidi. Plagi kavu: mafuta hayafiki. Plagi yenye matone yanayoteleza bila kuchanganyika na oili: hayo ni maji. Plagi nyeusi ya kunata: oili imezidi, au oili yenyewe siyo yake. Ukiona punje ya masizi imeziba nafasi kati ya ncha mbili, umeshapata mchawi wako. Itoe kwa kipande cha msasa laini au brashi ya waya, ifute, ijaribu.

Kupima cheche, rudisha plagi kwenye kofia yake na uguse mwili wake wa chuma kwenye bolti iliyo wazi ya kichwa cha silinda, sehemu isiyo na rangi. Ishike kwa plaizi yenye mpira au kitambaa kikavu, siyo kwa kidole. Iwe mbali na tundu la plagi, na tundu lizibwe kwa kitambaa, kwa sababu mvutano mmoja hutoa mvuke wa petroli ambao cheche itauwasha. Plagi zote mbili ziguse chuma wakati wa kuvuta. Umeme ukikosa njia unaweza kuchoma kisanduku cha CDI kinachotawala cheche, na hicho ni kifaa cha gharama. Fanya kivuli kwa mkono. Cheche nzuri ni ya buluu na inalia “tik”. Ya njano au nyekundu, nyembamba, ni dhaifu.

Cheche ikikosekana upande mmoja, badilishana plagi. Ugonjwa ukihama na plagi, plagi imekufa. Ukibaki palepale, tazama kofia: nyingi hufungwa kwenye waya kwa kuzungushwa kama skrubu, na mwisho wa waya huoza kwa unyevu. Kata milimita tano, funga upya. Kyela mvua haikauki, na kosa hili ni la kawaida kuliko watu wanavyodhani.

Cheche ikikosekana pande zote, mtuhumiwa wa kwanza ni swichi ya kuzimia, siyo koili. Swichi hii huzima mashine kwa kuunganisha umeme wa cheche na mwili wa injini. Ikiingia maji au kutu, inafanya hivyo muda wote. Chomoa kiungo cha waya zake, pima tena. Cheche zikirudi, umeshajua. Unaweza kurudi nyumbani hivyo, lakini kumbuka mashine sasa haitazimika kwa swichi wala kwa kamba ya usalama. Utaizima kwa kuvuta choki au kuchomoa bomba la mafuta. Usivue usiku na mashine ya namna hiyo. Zisiporudi, imefika kwa fundi mwenye mita: koili zilizo chini ya flaiwili, lile gurudumu zito juu ya injini, na CDI hazipimwi kwa macho.

Kuhusu plagi mpya, soma namba. Mashine nyingi za farasi 15 za tu-stroki hutumia B7HS-10, ila thibitisha kwenye kitabu cha mashine yako. Herufi B ni nyuzi za milimita 14, H ni mguu wa milimita 12.7, na 10 ni nafasi ya cheche ya milimita 1.0. Duka la vipuri vya pikipiki litakupa D8EA kwa uchangamfu kabisa, lakini hiyo ina nyuzi za milimita 12, haitashika. Ya hatari ni B7ES: nyuzi zinalingana, inaingia vizuri, ila mguu wake ni milimita 19 na pistoni inaweza kuigonga. Funga kwa vidole mpaka ikae, halafu spana robo hadi nusu mzunguko, basi.

Ikiwa imelowa na cheche ipo

Imezidi mafuta. Chomoa bomba la petroli kwenye injini, toa kamba ya usalama, choki ndani, mpini wa kasi wazi kabisa. Plagi zikiwa nje, zikae kwenye kofia zake zikigusa chuma mbali na matundu, uvute mara kumi kutoa petroli. Kausha plagi, subiri dakika kumi, funga, rudisha kibanio na bomba, kisha vuta bila choki.

Ikiwa kavu

Mimina nusu kijiko cha chai cha petroli iliyochanganywa kwenye kila tundu, funga plagi, vuta. Ikiwaka sekunde mbili tatu ikafa, cheche na kompresheni ni nzima, mafuta ndiyo hayafiki. Mpira ukikaza na plagi bado kavu, hapo ndipo kabureta inastahili kufunguliwa, au diafragma ya pampu ya mafuta imetoboka.

Anza na skrubu ya chini ya bakuli la kabureta. Ifungue, acha yaliyomo yamwagike kwenye chupa ya maji iliyo angavu, uiache itulie. Petroli ni nyepesi. Maji yatakaa chini na mstari utauona. Yakiwepo, kumwaga bakuli peke yake hakutoshi, tanki zima lina maji. Bakuli likiwa tupu, sindano ya floti imenasa; gonga kabureta taratibu kwa mpini wa bisibisi kabla ya kubomoa.

Ukiifungua, ifungulie nyumbani juu ya beseni. Jeti husafishwa kwa kupuliza na kwa uzi wa nailoni wa mshipi, siyo kwa waya wa chuma. Tundu likipanuka hata kidogo mchanganyiko umeharibika daima. Skrubu ya sailensa, ya kurekebisha injini ikizunguka polepole, ihesabiwe mizunguko kabla ya kuitoa, uandike.

Mafuta yenyewe nayo yanasema. Petroli ya kwenye chupa za kijijini wakati mwingine ina mafuta ya taa ndani. Kabla hujachanganya oili, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: petroli safi hukauka bila alama ya maana, mafuta ya taa huacha doa la grisi. Mchanganyiko wa 50 kwa 1, unaotumika kwenye mashine nyingi za aina hii, ni mililita 400 za oili kwa lita 20 za petroli, 200 kwa lita 10, 100 kwa lita 5. Mashine mpya katika saa 10 za mwanzo hupewa mara mbili ya hapo. Tia petroli nusu, tia oili, tikisa, malizia petroli. Oili iwe yenye alama TC-W3. Ile ya misumeno ya kukatia miti, inayojaa madukani Mafinga na Njombe, imetengenezwa kwa injini inayopozwa kwa upepo. Kwenye mashine ya maji inaacha majivu na plagi zinakufa mapema.

Jambo moja la nyanda hizi ambalo mwongozo wa kiwandani hautakukumbusha. Ziwa lipo kama mita 470 juu ya usawa wa bahari, Mbeya mjini ni kama 1,700. Huko juu hewa ni nyepesi, injini ileile inaonekana kuzidi mafuta, na fundi anaipunguzia. Ukiishusha Kyela inakuwa na njaa ya mafuta: inawaka kwa shida, na jeti zikiwa zimebadilishwa, inapata joto na kula pistoni. Mwambie fundi asafishe, ila marekebisho ya mwisho yafanyike ziwani.

Kamba nyepesi, kamba ngumu

Kamba ikivutika laini bila ukinzani, kompresheni imepotea: ringi au gasketi ya kichwa. Hiyo hairekebishwi ufukweni. Kamba ikikataa kabisa hata nyutro, toa plagi. Ikivutika sasa na maji yakaruka, silinda ilikuwa na maji. Isipovutika bado, usilazimishe.

Mashine iliyozama ishughulikiwe ndani ya saa mbili tatu. Uzuri wa Nyasa ni maji yasiyo na chumvi. Kama ilizama ikiwa inazunguka na sasa kamba ni ngumu, usivute, konrodi, mkono unaoshika pistoni, inaweza kuwa imepinda. Vinginevyo toa plagi, ilaze matundu yakitazama chini, vuta mpaka maji yaishe, mwaga kabureta, tia kijiko cha oili kila silinda, iwashe kwa mafuta mapya na uiache itembee nusu saa.

Ikishawaka, tazama maji ya kupoza injini yanayoruka nyuma kupitia tundu dogo. Yasipotoka ndani ya nusu dakika, zima, zibua tundu hilo kwa uleule uzi wa nailoni. Yakikataa tena, impela ya pampu ya maji imekwisha, na safari ya leo ni ya kasia.