Kupima mkunjo wa goti kwa goniomita: anzia nyongani

Mwanafunzi akipata nyuzi 95 nami nikapata 110, goti lilelile, asubuhi ileile, siilaumu goniomita, kile kifaa cha mikono miwili cha kupimia pembe ya kiungo. Mara nyingi kosa liko mbali na goti. Hivi ndivyo ninavyowaelekeza wanaokuja wodini kwetu kwa mafunzo ya vitendo.

1. Kifaa. Goniomita ya plastiki angavu yenye mikono mirefu, basi. Ile fupi ya vidole haifiki hata nusu ya paja, utabaki kukadiria kwa jicho. Programu za simu si mbaya kwa aliyezizoea, ila wodini sizitaki: kila mtu ana simu yake na anaiegesha anapojua mwenyewe.

2. Mlalo. Chali. Akilala kifudifudi, msuli wa mbele ya paja unaovuka nyonga na goti hukaza na kulizuia goti mapema, hivyo namba za milalo hiyo miwili hazilinganishwi.

3. Nundu tatu za mfupa. Ya nje ya goti na ya nje ya kifundo cha mguu zinajionyesha. Ya juu, ile ya mfupa wa paja pembeni mwa nyonga, ndiyo inayotesa watu. Weka kiganja pembeni mwa nyonga, mguu ukiwa umenyooka, kisha mwambie: "Mama, zungusha mguu wote kwa ndani. Haya, sasa nje." Kinachobiringika chini ya vidole vyako ndicho unachokitafuta. Kilichotulia tuli ni ukingo wa nyonga, na wengi huishia hapo wakidhani wamefika.

Ila kama aliwahi kuvunjika au kupasuliwa nyonga, uliza kwanza kama anaruhusiwa kuuzungusha mguu. Haruhusiwi? Fuata mstari wa katikati ya paja kwa ubavuni, na uandike kwamba ndivyo ulivyofanya. Kwa mwenye mwili mnene, bonyeza polepole, usichomechome. Usipime juu ya khanga. Omba ruhusa, ifunue upande mmoja tu, kwingine abaki amesitirika.

Utatamani kuweka alama ya kalamu. Weka, lakini usiiamini. Mguu ukikunjwa, ngozi huteleza juu ya mfupa na alama huhama na ngozi. Mkunjo ukifika mwisho, papasa upya. Mwenzako aushike mguu, au mgonjwa ajivutie kwa shuka. Naona wengine wanapuuza hili, lakini piga hesabu: kwenye paja lenye urefu wa sentimita 40, ukikosea sentimita 3 umeshapoteza nyuzi 4 na namba hujaisoma.

4. Soma. Mhimili, pale mikono ya kifaa inapoungana, ukae nje ya goti, mkono mmoja uelekee nundu ya juu, wa pili kifundoni. Inama, macho yawe usawa wa kifaa.

5. Andika. "Goti la kulia, chali, akijivutia kwa shuka, 10–95." Ukiandika 95 peke yake, hakuna atakayejua kwamba goti hilo halinyooki hadi sifuri. Tena wiki ijayo likiongezeka nyuzi 3, usikimbilie kumpongeza: tofauti isiyofika nyuzi 5 inaweza kuwa ya mkono wako tu, na wapimaji wakibadilishana pengo hukua. Mgonjwa mmoja, mpimaji mmoja. Ukienda likizo, anayekupokea apime upya siku ya kwanza na aanze hesabu yake hapo.