Kagua boti yako ya injini kabla haijatoka Nairobi

Kama boti yako mpya inalala uani Nairobi na kuteremshwa Naivasha wikendi, ikague Ijumaa ukiwa nyumbani. Gatini kuna haraka, watoto wanataka kupanda, na duka la vipuri liko mbali. Upya wake usikudanganye: mtikisiko wa barabara hulegeza klipu na skrubu za boti yoyote. Maelezo haya ni ya injini ya kupachika nyuma yenye tangi la kubebeka.

1. Trela. Upepo wa matairi, taa, mnyororo wa usalama. Ukifika ziwani, gusa habu za magurudumu. Zikiwa za moto usizitumbukize: zikipoa ghafla hunyonya maji ndani, grisi ikaharibika na beringi zikafuata. Subiri zipoe.

2. Nguruzi. Kile kizibo cha tundu la nyuma. Kikaze kabla boti haijashuka kwenye trela, na uwe na kingine cha akiba. Jaribu pampu ya ngama, ile inayotoa maji yaliyojikusanya chini ya boti, kwa ndoo ya maji.

3. Mafuta. Hapa ndipo watu hupoteza siku nzima. Injini inawaka vizuri gatini, inakimbia dakika chache, kisha inazima katikati ya ziwa. Mwenyewe anabadilisha plagi, anafungua kabureta, kumbe shida iko kabla ya injini.

Anza na skrubu ya hewa kwenye kifuniko cha tangi. Barabarani ifunge ili petroli isimwagike; majini ifungue. Ukiisahau, petroli inanyonywa bila hewa kuingia mahali pake, na mwishowe mafuta yanakatika. Baada ya safari chomoa mpira wa mafuta kwanza, ndipo uifunge skrubu hiyo. Tangi lililofungwa likipigwa na jua hujaa presha, na mpira ukiwa bado umeunganishwa, presha hiyo husukuma petroli hadi kabureta ifurike.

Kisha lile puto la kupampia lililo katikati ya mpira wa mafuta. Mshale wake uelekee injini. Lisimamishe mshale ukitazama juu, libonyeze hadi liwe gumu, uliache dakika mbili. Likilegea, pangusa viungo kwa kitambaa kikavu utafute petroli. Pasipo na tone, huenda vali ya ndani ya puto inarudisha mafuta tangini. Lakini ukavu peke yake si ushahidi kwamba mambo ni sawa: oringi (pete ya mpira ya kuziba) iliyochanika kwenye konekta inaweza kuvuta hewa wakati injini inanyonya, na isivuje hata tone unapopampu. Oringi ni bei ndogo. Ukiitilia shaka, badilisha.

Injini ikizima majini, lishike puto kabla hujagusa kitu kingine. Likiwa limebapa, hewa haiingii tangini au chujio la mle tangini limeziba. Likiwa laini, na injini ikafufuka unapopampu, basi kuna hewa inayoingia njiani au pampu ya mafuta ya injini imechoka. Likiwa gumu na injini bado haiwaki, sasa tafuta plagi na umeme.

Maji kwenye petroli yanaonekana kwa chupa ya kioo: chota mafuta ya chini kabisa ya tangi, yaache yatulie, maji yatakaa chini. Mipira ya mafuta ya bei nafuu utakayoiona Barabara ya Kirinyaga, kwenye maduka ya vipuri Nairobi, ni ya magari. Nunua ya boti, na uikaze kwa klipu zisizoshika kutu, kamwe si kwa waya. Tangi lijazwe likiwa nchi kavu, nje ya boti, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutuama chini ya sakafu, ukingoja cheche.

4. Maji ya kupoza. Injini isiwashwe kavu hata kidogo. Impela, yaani gurudumu la pampu ya maji ya kupoza, ni ya mpira na maji ndiyo yanayoilainisha. Ukiiwasha nyumbani tumia pipa kubwa la maji, mahali penye hewa, propela ikiwa imetolewa, maji yakipita juu ya matundu ya kunyonyea, na usiongeze mwendo. Mkondo wa maji unaotoka kwenye kitundu cha pembeni ya injini ukiwa dhaifu, pitisha uzi wa nailoni humo kabla ya kuilaumu impela. Ziwani, gugu maji likiziba matundu na mkondo ukikatika, zima mara moja, inua injini, safisha.

5. Propela na oili ya gia. Toa propela utazame nyuma yake. Uzi wa nyavu hujizungusha pale na kukata sili inayozuia maji kuingia kwenye gia. Oili ya gia ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameshaingia, boti isitoke.

6. Watu. Jaketi la kuokoa maisha kwa kila mtu, limevaliwa na kufungwa. Kamba ya kuzimia injini ijaribiwe: ivute injini ikiwa inanguruma, izime papo hapo. Beba makasia, nanga yenye kamba, firimbi na mtungi wa kuzimia moto.

7. Mbio za kwanza. Naivasha iko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na chaja ya hewa (tabo) hupoteza takribani asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300. Ukishamaliza saa za kulainisha injini zilizotajwa kwenye kitabu chake, fungua mwendo wote ukiwa na mzigo wa kawaida, usome mizunguko ya injini kwa dakika. Isipofika kiwango cha kitabu, weka propela yenye pichi ndogo (pichi ni umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja). Kupunguza pichi inchi moja huongeza mizunguko 150 hadi 200 kwa dakika. Fanya jaribio hilo asubuhi kabla ya upepo wa alasiri, mbali na viboko, na mbali na kingo ambako miti na nguzo za ua zilifunikwa ziwa lilipopanda.