Tope la bahari dirishani Moshi: chupa tatu za kuonyesha nani anapumua nini

Maji yakikupwa pwani ya Tanga, simama pembeni mwa mikoko, choma koleo kando ya shimo la kaa, kisha tazama ulichokata. Juu kuna ngozi ya kahawia yenye unene wa milimita chache. Chini yake tope ni jeusi na linanuka yai viza. Kuta za shimo la kaa, hata hivyo, zina rangi ya kutu hadi chini, kwa sababu kaa akiingia na kutoka anavuta maji yenye oksijeni. Pasipo oksijeni, bakteria hupumua salfeti (chumvi yenye salfa) iliyomo kwenye maji ya bahari, na kutoa haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu hiyo ya yai viza. Gesi hiyo ikikutana na chuma kilichomo topeni, tope hugeuka jeusi.

Tabaka hizo zinaweza kukuzwa ndani ya chupa, hata Moshi au Arusha. Mbinu ni ya mwanasayansi Sergei Winogradsky, aliyechunguza bakteria wa salfa miaka ya 1880. Watu wengi hutengeneza chupa moja. Tengeneza tatu, maana chupa moja hupendeza macho tu bila kujibu swali: je, ni salfeti inayoleta weusi? A ni tope na maji ya bahari. B ni tope na maji ya Ziwa Duluti, pale Tengeru. C ni sawa na B, ila ina jasi, yaani salfeti ya kalsiamu.

Kwa A unahitaji lita 2 za tope jeusi kutoka kina cha sentimita 5 hadi 15, na dumu la lita 3 la maji ya bahari. Jaza tope hadi ukingoni mwa ndoo, mwagia maji kidogo juu, ufunge. Nafasi ya hewa ikibaki, weusi utaanza kupauka njiani. Safari ya basi ya siku moja haidhuru, mradi ndoo ikae kivulini. Mikoko usiikate, na ndani ya hifadhi ya bahari usichimbe bila kibali. Msitu unaozunguka Duluti nao ni wa hifadhi, kwa hiyo omba ruhusa kwanza. Hapo chukua lita 3 za tope la ukingoni na maji yake.

Ukifika, toa mawe, majani, konokono, minyoo na kaa kwa mkono. Mnyama akifia ndani ya chupa, atatengeneza doa jeusi la uozo wake mwenyewe, nawe utadhani ni tabaka.

Kata shingo za chupa tatu angavu za lita 1.5. Kwa kila chupa changanya nusu lita ya tope na nusu ukurasa wa gazeti uliochanwa vipande vya ukubwa wa ukucha, pamoja na kijiko kimoja cha chakula cha maganda ya mayai yaliyosagwa. Gazeti ni chakula, maganda ni kaboneti. Maelekezo mengi husema uweke na kiini cha yai. Hapa usiweke: yai lina salfa, na salfa ndiyo tunayotaka kuipima. Kwa sababu hiyohiyo, vua utando mweupe ulio ndani ya ganda kabla ya kusaga.

C peke yake ipate kijiko kimoja cha chakula cha jasi. Jasi huchimbwa Makanya, wilayani Same, na chaki nyingi za shule hutengenezwa kwa jasi. Kamulia chaki limao: ikitoa mapovu ni kaboneti, iache, ikitulia, isage uitumie.

Shindilia mchanganyiko chini kwa mwiko huku ukigonga chupa mezani mpaka mapovu ya hewa yatoke. Juu yake weka tope tupu hadi libaki sentimita 6 kufika ukingoni, kisha maji ya mahali tope lilikotoka, sentimita 3. Funika kwa plastiki iliyotobolewa kwa sindano. Usikaze kifuniko, kwa sababu gesi itatoka. Weka dirishani penye mwanga usio jua kali, na usigeuze chupa. Zungushia nusu ya kila chupa karatasi nyeusi ili ulinganishe upande wa giza na wa mwanga.

A kwa kawaida ndiyo huwa nyeusi kwanza. Baada ya wiki kadhaa, upande wa mwanga hutokea madoa ya zambarau au kijani: bakteria wanaotumia mwanga na haidrojeni salfaidi pamoja. B huwa na weusi hafifu, na mara nyingi tope lake hupasuka kwa mapovu ya methani. Maji ya bahari yana takriban gramu 2.7 za salfeti kwa lita. Ziwa la maji baridi lina kidogo mno. Salfeti ikiwepo, bakteria wanaoitumia huwanyang'anya chakula vijidudu wanaotengeneza methani. Ndiyo maana C, yenye tope lilelile la Duluti, huelekea kufanana na A. Hapo ndipo utamu wa kazi hii ulipo, kwa hiyo piga picha kila wiki.

Chupa ikiwa kijani yote, jua limezidi. Ikiwa nyeusi mpaka ndani ya maji, gazeti limezidi. Isipobadilika kwa mwezi, angalia baridi: Arusha mwezi Juni na Julai kila kitu huchelewa kuliko Moshi.

Weka alama ya kalamu kwenye kimo cha maji. Yakipungua ongeza maji ya mvua, hata kwenye A, kwani chumvi haipandi na mvuke; ukiongeza maji ya bahari, chumvi itazidi. Ukifungua chupa, fungulia nje, kwa sababu haidrojeni salfaidi ni sumu. Tope la A lizikwe kwenye shimo mbali na migomba na kisima, wala usilimwage Duluti.