Somo: Sukuma ya urembo, spinachi na maua ya kupanda kabla ya jalidi

Wakubwa shikamooni, rika langu habari zenu. Tangu Agosti mnaniuliza kuhusu zile "kabichi za zambarau" wanazopanga mbele ya maduka ya miche hapa Columbus, Ohio. Hizo ndizo sukuma na kabichi za urembo, za kutazamwa kwa rangi zaidi ya kuliwa. Leo tuzimalize.

Kwanza tuelewane kuhusu neno vuli. Sisi tuliokulia Lushoto, vuli ni mvua na jembe, unapanda ukijua mmea una safari mbele yake. Vuli ya huku majani yanapukutika, na mche uliouweka ardhini Oktoba karibu haukui tena. Ndiyo maana wengi wetu tunapoteza pesa: tunanunua kimche cha bei rahisi tukidhani kitanenepa. Hakinenepi. Rangi italetwa na baridi, ukubwa sharti uje nao kutoka dukani.

Hatua ya 1: Kalenda. Hapa Columbus jalidi ya kwanza, yaani umande unaoganda kwa baridi, kwa kawaida huanguka kati ya katikati na mwisho wa Oktoba. Panda Septemba, mapema iwezekanavyo. Anayetaka kusia mbegu mwenyewe aanze Julai.

Hatua ya 2: Kuchagua miche. Sukuma ya urembo na kabichi ya urembo ni Brassica oleracea, spishi ileile ya sukuma wiki na brokoli. Sukuma ina majani yaliyokunjamana au kuchanikachanika. Kabichi ina majani mapana. Chukua mche mpana kuliko kiganja ulichokikunjua, kisha utoe kwenye kopo uangalie chini. Mizizi ikiwa imejizungusha kama uzi kwenye kibiringo, huo umeshadumaa. Ikijizungusha kidogo tu, ichane kwa vidole pande tatu nne.

Spinachi ni ile yetu ya sokoni yenye bua nene, lakini huku ukiomba spinachi utapewa mboga nyingine. Tafuta Swiss chard. Mimi napenda aina ya Bright Lights, iliyopata tuzo ya All-America Selections mwaka 1998: pakiti moja inakupa mabua ya njano, waridi, chungwa na mekundu. Unaikata unakula na bado bustani inapendeza.

Kwa maua, nunua pansi (kwa Kiingereza pansy) zenye vitumba vingi, si zilizokwisha kuchanua zote. Ongeza krisanthemamu, jamaa wa karibu wa pareto ya Njombe.

Hatua ya 3: Kupanda. Chagua mahali panapopigwa na jua kwa muda wa saa sita kila siku. Tifua sentimita 20 hivi, changanya mboji. Sasa hapa tulia. Sukuma ya dukani huwa na shingo ndefu tupu kama ya jogoo aliyenyonyolewa. Ichimbie mpaka majani ya chini yaguse udongo, halafu iinamishe kidogo kuelekea njiani ili mpita njia aone uso wake, siyo ubavu. Acha sentimita 25 tu kati ya mche na mche, kwa kuwa haitajitanua. Pansi jaza mbele.

Hatua ya 4: Maji asubuhi. Usizidishe mbolea ya nitrojeni. Mmea utabaki kijani.

Hatua ya 5: Subira. Usiku ukishuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi kwa wiki mbili hivi, majani ya katikati yanaacha kijani na zambarau inajitokeza. Ya nje yanabaki kama yalivyo. Siku ya jalidi utakuta weupe umekaa ukingoni mwa majani kama chumvi na pansi zimelala chini. Usiziguse. Kufika saa nne zimeinuka.

MASWALI

Swali (Louisville): Mwalimu, majani yangu yametobolewa kama chujio na sioni mdudu.

Jibu: Pole, dada. Geuza jani. Kiwavi wa yule kipepeo mweupe ana rangi ileile ya jani, hulala kando ya mshipa. Waokote jioni. Wakizidi, nyunyiza dawa ya Bt, ambayo ni bakteria na haidhuru nyuki.

Swali: Sukuma ya urembo inalika?

Jibu: Inalika, ila ngumu na chungu. Ya dukani usiipike, huwezi kujua imepuliziwa nini. Ya mbegu yangu niliwahi kuiunga kwa karanga. Zambarau yote ilipotelea sufuriani, watoto wakauliza kwa nini tulihangaika.

Swali (Dayton): Krisanthemamu za jirani zimechanua, zangu vitumba tu. Tulinunua siku moja!

Jibu: Kaka, una taa inayowaka usiku kucha hapo? Mimi iliniponza ya kibarazani. Ua hili huchanua usiku ukiwa mrefu. Taa inalidanganya kuwa bado ni kiangazi. Zima au hamisha chungu. Na lililopandwa vuli mara nyingi halivuki msimu wa theluji, mizizi haijashika. Pansi ndizo zinaweza kuchanua tena Aprili.

Swali (Tanzania): Nikipanda huku zitapata rangi?

Jibu: Njombe na Kitulo ndiyo, miezi ya Juni na Julai. Dar es Salaam utakuwa na sukuma ya kawaida iliyojikunja.

Swali: Naziondoa lini?

Jibu: Sukuma inavumilia hata nyuzi kadhaa chini ya sifuri, spinachi inatangulia kuanguka. Ila zikigandishwa na kuyeyuka mara kwa mara zinageuka ute. Ukibonyeza bua likalegea, ng'oa siku hiyohiyo upeleke kwenye mboji. Mwaka juzi nilisubiri wiki moja zaidi, na kwa ile harufu ya kuoza mgeni akaniuliza mlangoni kama gesi inavuja.