Tengeneza Stösser yako kwa mianzi na karatasi ya boksi la viatu

Vijana wanaopita kwenye banda langu la fenicha hapa Mwanjelwa, Mbeya, wakitaka kutengeneza ndege, kwanza wanataka ile kubwa ya abiria. Haivuki hata barabara. Mimi nawapa Focke-Wulf Fw 56 Stösser, ndege ndogo ya Wajerumani ya miaka ya 1930: kiti kimoja, bawa moja lililoinuliwa juu ya bodi kwa nguzo, na kazi mbili, yaani kuwapika marubani wa ndege vita na, ikibidi, kulinda anga la nyumbani. Bawa likikaa juu, uzito unaning'inia chini yake, na ndege inajiweka sawa yenyewe hewani.

Ile ya kweli ilikuwa na bawa la mita 10.5 ncha hadi ncha. Gawa kwa 20 upate sentimita 52 na nusu. Bodi iwe sentimita 38 hivi, upana wa bawa 7.

Anza na miguu, usianze na bawa. Ndege ya kwanza ya majaribio iliruka Novemba 1933 na miguu ndiyo iliyowasumbua. Ya pili ikabadilishiwa miguu, ikapewa na bawa la chuma. Ya tatu, Februari 1934, miguu ikarekebishwa tena na bawa likarudi kuwa la mbao. Hapo unazungumzia kiwanda cha Focke-Wulf kule Bremen, Ujerumani, ofisi ya usanifu chini ya Kurt Tank, siyo watoto wa mtaani. Kwa hiyo waya wa kufungia nondo uache, ni laini, utatanuka ndege ikigusa chini mara ya kwanza. Chukua spoku ya baiskeli, ikunje kwa koleo iwe V iliyopinduliwa, ifunge kwa uzi kwenye kijiti cha msonobari kisha uloweke uzi kwa gundi. Vifuniko vya chupa za maji ni matairi tosha.

Kijiti hicho ndicho uti wa mgongo. Ubavuni mwake bandika umbo la bodi lililokatwa kwenye lile povu jeupe linalokuja na TV, kwa wembe mpya. Tumia gundi ya mbao ya maji. Supa glu inalila povu mbele ya macho yako. Mkia nao ukate kwenye povu hilo hilo, unene wa milimita 3.

Sasa bawa. Mwanzi uwe mkavu na mkomavu. Wa kijani utapinda ukishakauka. (Mkiwa upande wa Iringa, ombeni kwanza. Mwanzi wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, una mwenyewe, na mwenyewe yuko macho.) Chana fito mbili nyembamba, ya mbele na ya nyuma, uziunganishe kwa mbavu za kadibodi kila baada ya sentimita 6. Mbavu ziwe na mgongo kidogo juu, chini tambarare. Funika kwa ile karatasi laini inayofungia viatu vipya, ibandike kwa uji mwepesi wa ngano, halafu inyunyizie maji kwa mdomo. Ikikauka inakaza yenyewe hadi inalia ukiigonga kwa kucha. Inua kila ncha sentimita 2 na nusu kuliko katikati. Ukiliweka juu ya nguzo, ukingo wa mbele uwe juu ya wa nyuma kwa milimita 2.

Pua ya Stösser ni ndefu kwa sababu ya injini ya Argus As 10C, farasi 240, silinda nane zilizopinduliwa kichwa chini. Wewe huna injini, kwa hiyo weka nati pale puani. Inyanyue ndege kwa vidole viwili chini ya bawa, theluthi moja kutoka ukingo wa mbele, uongeze nati mpaka ikae sawa.

Jaribu asubuhi kabla upepo haujaamka, kwenye nyasi. Irushe ikiwa sawa na upeo wa macho, usiitupe juu kama jiwe. Ikipanda, ikasita, ikadondoka, ongeza uzito puani. Ikipiga mbizi moja kwa moja, kunja ukingo wa nyuma wa mkia juu kidogo, unene wa ukucha. Mbizi tumwachie Ernst Udet, rubani wa vita wa Ujerumani, aliyeitumia Stösser kujaribu kudondosha mabomu kwa staili hiyo. Mbeya tuko mita 1,700 hivi, hewa nyepesi, kwa hiyo itakwenda kasi kuliko ya binamu yako wa Dar. Usishangae, na usiongeze uzito kwa ajili hiyo.

Masika karatasi inalegea. Ipake vanishi iliyozimuliwa kwa thina, mkono mmoja tu, na uitundike kwa uzi mbali na jiko.