Kabla ya kuitafsiri Kiki's Delivery Service, jua una Kiingereza kipi

Watafsiri wa vibanda umiza, Mtwara mjini hadi Masasi, mara nyingi husikiliza Kiingereza ndipo watie Kiswahili. Kwa filamu hii ya Hayao Miyazaki ni hatari, maana Kiingereza chake kiko cha aina tatu na havisemi jambo moja.

Japani ilitoka Julai 29, 1989. Streamline Pictures waliiwekea Kiingereza kwa abiria wa ndege za Japan Airlines. Hicho hukutani nacho ovyo. Disney wakarekodi chao, kikatoka kwenye kanda mwaka 1998: Kirsten Dunst ni Kiki, mchawi mdogo wa kike, Phil Hartman ni paka wake Jiji. Mwaka 2010 wakakitoa tena kwenye DVD, wamepunguza mengi ya maneno na muziki waliyoongeza. Waigizaji ni wale wale, kwa hiyo majina kwenye kasha hayatoshi.

Pima kwa redio. Usiku Kiki anapoondoka kwao na ufagio, redio inawashwa. Ukisikia wimbo wa Kiingereza, hiyo ni ya 1998. Ya 2010 imerudisha wimbo wa Kijapani wa Yumi Arai.

Kisha nenda mwisho kabisa. Katika ya 1998, Jiji anarudi na kuongea. Katika Kijapani analia nyau tu. Kiki alishaacha kumwelewa, na filamu haimrudishii hilo. Ukimpa Jiji maneno hapo, umebadilisha hadithi yenyewe, si sentensi moja.

Kwa hiyo Kijapani kiwe ndicho mwamuzi. Fungua filamu kwa VLC, programu ya kuchezesha video: herufi B hubadilisha sauti, V hubadilisha maandishi ya chini. Hartman huongea hata mdomo wa Jiji usipoonekana. Kila Jiji akigeuza mgongo, sikiliza Kijapani. Kikiwa kimya, nyamaza nawe. Na maandishi yakiendelea kutokea wakati Kijapani kimenyamaza, yamenakiliwa kutoka Kiingereza, yatupe. Osono, mwenye duka la mikate, anapomkaribisha Kiki kinywaji, Disney wanasema chokoleti ya moto. Kijapani ni kahawa. Sema kahawa, Mikindani haihitaji maelezo.

Maandishi yakipishana na picha kwa kiasi kile kile mwanzo hadi mwisho, bonyeza G au H. Kila mbonyezo ni milisekunde 50. Yakizidi kutangulia kadiri filamu inavyokwenda, G na H hazitafaa: yametoka kwenye DVD ya PAL, mfumo wa video wa Ulaya, inayokimbiza picha 25 kwa sekunde badala ya 23.976. Baada ya saa moja tofauti hufika dakika mbili na nusu. Fungua faili la maandishi kwenye Subtitle Edit, programu ya kuhariri maandishi ya chini, badilisha kasi kutoka 25 kwenda 23.976, uhifadhi kwa jina jipya.

Ukiwa na ruhusa ya wenye filamu, rekodi Kiswahili juu ya sauti ya Kijapani. Ile ya 1998 ina muziki wa Paul Chihara uliojazwa pale Joe Hisaishi, mtunzi wa muziki wa filamu yenyewe, alipoacha kimya, na utagombana na sauti yako.